Mwaka wa Jiwe Bichi

Mgeni alipobisha hodi nilikuwa nimenyoosha miguu karibu na moto, nimevaa sweta mbili na soksi za marehemu mume wangu, hali ambayo si ya kupokelea mtu aliyetoka mbali. Lakini mimi si wa kujiandaa. Wanaonitafuta wanajua pa kunikuta, maana tangu nipate akili sijawahi kukaa mahali pengine kwa muda wa kutosha mtu kunikosa. Aliingia mwanamke mtu mzima, kajitanda mtandio wa buluu, anatetemeka kama watu wa bondeni wote wanavyotetemeka wakipanda huku kwetu Lushoto, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shikamoo, Mama. Mimi ni Zuhura, binti wa Hamza. Hamza wa mawe." Kabla sijaitikia marahaba nilikwisha kujua. Mtu hamtumi mwanawe apande kona zote zile kuleta salamu ambazo angeweza kuja nazo mwenyewe. Nikauliza lini. "Baada ya Idi," akasema. "Hakuugua sana." Nikamsogezea kigoda, nikabandika chai, kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi.

Alipokwisha kupasha vidole kwenye kikombe akaniambia kilichomleta. Walipokuwa watoto, akasema, wakiokota jiwe njiani wakataka kuingia nalo ndani, baba yao alikuwa anawazuia mlangoni. "Hilo bichi hilo! Lipitisheni jikoni kwanza." Nao walitii, wakichoma mawe jikoni kama wanachoma mihogo, majirani wakidhani nyumba ile ina walakini. Wakimuuliza sababu anawaambia kuna nyumba moja Lushoto alifundishwa adabu ya mawe, na kuna msichana pale alimwokoa asichekwe na nchi nzima. "Mama yetu alikuwa anacheka, sisi tunasema mzee anatunga. Sasa nimekuja kuuliza, Mama. Ni kweli?" Nilimwambia ni kweli, ila hilo la nchi nzima ni chumvi ya watu wa pwani. Wangemcheka watu watatu, wanne hivi, lakini walikuwa ndio wale ambao asingevumilia kuchekwa nao.

Ulikuwa mwaka uliofuata Azimio la Arusha. Redio ilikuwa inasema ujamaa asubuhi, mchana na jioni, kila mtu ameanza kuitwa ndugu, hata wale waliokuwa hawapendani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, jambo ambalo siku zile lilimfanya msichana awe kitu cha kuonyeshwa wageni kama saa ya ukutani. Nilikuwa nasubiri nafasi ya chuo cha ualimu. Watu wote waliniombea ije upesi, na mimi niliomba kimyakimya ichelewe, kwa sababu chuo kilikuwa bondeni, na kwenda bondeni ni kupita kona za Mombo, na kona za Mombo na tumbo langu hazijawahi kupatana. Nilikaa kwa Shangazi Debora, kwenye nyumba ya mabati iliyo chini ya barabara ya kanisani. Wasichana wa shule ya Kifungilo walipopita na viatu vinavyong'aa, Shangazi alikuwa ananiita nitoke. "Naomi! Njoo uone wasomi wanavyotembea. Wewe kidato cha nne chako umekiacha kwenye majivu." Nami nilitoka na mwiko mkononi, nikawapungia.

Ile nyumba naiona vizuri sasa hivi kuliko hii niliyomo. Sebule ilikuwa na viti vinne vya mbao na kalenda ya misheni. Chumba cha mgeni kilikuwa na dirisha linalotazama mikaratusi, na mvua ikinyesha bati lilikuwa linapiga kelele hadi sala inakatishwa. Lakini nyumba yenyewe, nyumba ya kweli, ilikuwa jikoni, uani nyuma, penye mafiga matatu meusi na kidirisha kidogo kinachofunguka upande wa baraza ambako Shangazi alikuwa anakaa na wanawake wenzake kuchambua maharage. Aliyekaa jikoni alisikia yote. Watu waliniona mvivu wa kutoka, na kweli nilikuwa mvivu, lakini sidhani kama katibu tarafa alikuwa anajua mambo ya wilaya kunizidi.

Hamza aliletwa na gari la serikali, na sanduku la bati, nyundo ya ajabu yenye kichwa kilichochongoka upande mmoja, na kisanduku kilichokuwa kinalia tik, tik, tik chenyewe. Alikuwa mtaalamu wa miamba, kijana, Mwafrika wa kwanza katika ofisi yao kuaminiwa eneo lake peke yake. Hilo la kwanza alilibeba kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa kichwani. Bosi wake alikuwa Mzungu mtu mzima ambaye hakuwa ameondoka bado, na hakuwa na haraka ya kuondoka kabla hajaona kama hawa vijana wataweza. "Shikamoo Shangazi," Hamza alisema siku ile ya kwanza, meno yakigongana. "Huku mnaishije?" Shangazi akaitikia marahaba, akampa blanketi, akaniambia kwa Kishambaa nichemshe maji ya kuoga mengi, huyu mgosi wa Tanga atatufia.

Jiwe alilokuja kulitafuta lilikuwa juu ya shamba la mama mmoja tuliyemwita Mama Yohana, upande wa kwenda Magamba, ndani ya mshipa wa jiwe jeupe unaotokeza kwenye mteremko. Aliporudi nalo mara ya kwanza aliliweka mezani katikati ya ugali na maharage ya fiwi. Lilikuwa jeusi la kukaribia kahawia, kama sukari guru, na pale alipolivunja palikuwa laini na pamejipinda kama kipande cha chupa. Kwa nje lilikuwa na kona, limechongoka vizuri kana kwamba fundi alilipiga randa. Alipolisogezea kile kisanduku, tik tik ikawa mvua ya mawe juu ya bati. Shangazi aliacha kutafuna. "Linasema nini?" Hamza akasema lina thoriamu kidogo ndani, madini yenye mionzi ambayo kisanduku kinaisikia. "Na hiyo inakaa mezani pangu?" Tangu siku ile mawe ya Hamza yalilala nje, juu ya kizingiti cha kidirisha cha jikoni, na ikawa ndiyo sheria ya nyumba.

Kwa kuwa ofisi yake ilikuwa mbali na chumba chake kilikuwa na baridi, vipimo vyote alivifanyia jikoni kwangu. Hivyo ndivyo nilivyojua tabia za jiwe lile kuliko nilivyojua tabia za binamu zangu. Kisu changu cha kumenyea kililikwaruza kwa shida. Lenyewe lilikwaruza kioo kidogo tu. Ukilisugua kwenye kitako cha kikombe cha kauri, pale pasipong'arishwa, jiwe jeusi namna ile lilikuwa linaacha unga wa manjano hafifu, kama vumbi la mahindi. Alilipima uzito likining'inia hewani, kisha likining'inia ndani ya sufuria ya maji, akapiga hesabu. Siku moja alitwanga kipande, akakitia tindikali iliyonitoa machozi, akamimina spiriti kwenye kisahani cha Shangazi na kuiwasha. Moto ukapanda na ukingo wa kijani, kijani cha jani la mgomba lililofunguka leo. "Boroni!" akapiga kelele. Shangazi alikuja mbio. "Moto wa kijani jikoni kwangu? Nani amekufa?"

Ilikuwa raha kumsikiliza akieleza. Alisema ndani ya jiwe mmekaa watu wa makabila mengi: kuna silika, ambayo ndiyo mchanga, kuna boroni, kuna seriamu na ndugu zake wanaoitwa udongo adimu. "Nao si udongo, na wala si adimu kihivyo," alisema, "ila jina likishakaa limekaa." Shida ilikuwa kuliweka jiwe kwenye ukoo wake. Wanaolihesabu kwa silika wanaliita huku, wanaolihesabu kwa boroni wanalivuta kule. Shangazi, ambaye alikuwa amesuluhisha kesi nyingi za watoto, akauliza, "Sasa linakaa kwa nani?" Hamza akasema, "Wote wawili wameshikana, Shangazi. Ukoo wake ni wa hao walioshikana." Shangazi akatikisa kichwa akasema basi ukoo huo una mikutano mirefu.

Niseme hapa, maana umri wangu umeniruhusu: mwaka ule nilikuwa nataka kitu kimoja tu, Hamza asiondoke. Sikumwambia mtu. Sikuwa na mpango wowote, sikuwaza ndoa wala dini yake na yangu. Nilitaka tu aendelee kuja jikoni na sufuria yake ya maji, aniite "bibie", aniambie Kiswahili changu kinapanda na kushuka kama barabara ya Soni, nami nimwambie cha kwake kimelala kama nazi iliyodondoka. Na kwa muda mrefu ilionekana nitapata nilichotaka.

Ilikuwa hivi. Ili kazi iende upesi, Hamza aliitisha mkutano kule juu, akawaambia wananchi kuwa madini ni mali yao wote, kwa hiyo yeyote atakayeona jiwe la namna hii shambani amletee. Wanaume walipiga makofi, wanawake wakaleta mawe. Mama Yohana ndiye aliyekuwa kinara wao. Alikuwa anashuka siku za soko na kikapu, juu mnavu na magimbi, chini mawe, yameoshwa yakatakata kama viazi vya arusi. Hamza aliyapima. Akashangaa. Yale aliyoyabandua mwenyewe na nyundo, aliyoyaita A, yalikuwa meusi ya kung'aa. Haya ya kina mama, aliyoyaita B, yalikuwa na unga uleule na moto uleule wa kijani, lakini rangi yake imefifia kama chai ya maziwa, hayang'ai, yana nyufa ndogondogo, na yalikuwa mazito zaidi kwa ukubwa uleule. Akapeleka vipande ofisini vikapigwe eksirei. Majibu yakarudi: A haikuonyesha kitu, kama kioo cha dirisha, ndani hakuna mpangilio wowote. B ilitoa mistari safi kabisa.

"Mawili," Hamza alisema mezani, kijiko hakijafika mdomoni. "Mlima mmoja, mawe mawili, Naomi. Na moja huenda halijawahi kuandikwa popote duniani." Aliongea haraka, masikio yamemwiva. Kama ni mawili, angekaa Lushoto mwaka mwingine, labda zaidi, wajenge kambi. Kama ni moja tu linalojulikana, walikuwa wanamhitaji kusini, aondoke mara moja. Shangazi akauliza kama jiwe jipya linaweza kuitwa Debora. Mimi nilikuwa napakua, nikampakulia mara mbili bila kujua.

Akaanza kuandika taarifa yake. Na ilikuwa juma hilohilo, mchana, natwanga mahindi jikoni, nikamsikia Mama Yohana barazani akimlalamikia Shangazi kwa Kishambaa. "Jiwe la mgeni wenu limenipasukia. Limeruka hivi, chungu vipande viwili, maharage yote kwenye majivu!" Shangazi akampa pole, akamuuliza alikuwa ameliweka siku ngapi. "Hilo hata halijalala. Mengine yanalala siku mbili tatu chini ya moto, nayasahau hukohuko, yanatoka yametulia." "Ndivyo," akasema Shangazi. "Sasa," akasema Mama Yohana, "ningeleta jiwe bichi nyumbani kwa mtu?" Wakacheka wote wawili, wakahamia habari nyingine.

Nikaacha kutwanga. Kwetu jiwe haliingii nyumbani kwa mtu kabla halijapita motoni. Jiwe la figa lisilojaribiwa hupasuka, huvunja chungu, huweza kumtoa mtoto jicho. Kumpelekea mwenzio jiwe bichi ni kama kumwambia jiko lake livunjike. Ni adabu ndogo tu, kama kukung'uta miguu mlangoni, na kwa kuwa kila mtu anaijua hakuna mtu anayeisema. Kina mama walikuwa wanamchomea Hamza mawe yake kwa heshima, kisha wanayaosha masizi ili wasiaibike. Na yeye, ambaye hakujua Kishambaa wala hakukulia kwenye mafiga, angejuaje?

Sikuwa najua fizikia ya kutosha kujua moto unalifanyia nini jiwe. Lakini nilijua tofauti ya A na B sasa ilikuwa na jina, na jina lake ni Mama Yohana. Nilikaa na hilo wakati maharage yakichemka. Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angeniuliza; mimi ni msichana wa jikoni. Angekaa mwaka mwingine. Nikamwona Hamza kupitia kidirisha, amejifunga blanketi la Shangazi, anaandika huku ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikamwona pia yule bosi wake, ambaye sikuwahi kumwona, akisoma karatasi ile na kutabasamu. Nikafuta mikono, nikatoka.

"Kaka Hamza," nikasema, "yale mawe ya kina mama yameiva."

"Yameivaje, bibie? Ni maembe?"

Nikamweleza. Aliweka kalamu chini. Nilidhani atakasirika. Kisha akaanza kucheka, kwanza puani, halafu kwa mwili mzima, blanketi likaanguka, akafuta machozi na ile karatasi ya taarifa. "Mimi naomba tanuri ofisini miezi yote hii," alisema, "kumbe kina mama wananichomea kwa mkaratusi!" Akanieleza pale pale, akiwa bado anakohoa kicheko. Ile thoriamu iliyo ndani ya jiwe inalipiga jiwe lenyewe kutoka ndani, kidogo kidogo, kwa miaka isiyohesabika. Fikiria watoto wa shule ya Jumapili wamepangwa mistari, na kati yao kuna mtundu anayefinya wenzake bila kuchoka. Mwisho hakuna mstari. Kwa nje jiwe limebaki na kona zake zote, kwa ndani kila mtu kasimama anapotaka. Ukilipasha moto, wanapata nguvu ya kurudi kwenye nafasi zao. Linashikamana, linakuwa zito, eksirei inaona mistari. "Nilifundishwa haya darasani," akasema, "nikayajibu kwenye mtihani, nikapata alama nzuri. Darasani hawakusema wataniosheia na masizi."

Ili kuhakikisha, alichukua kipande cha A kwenye kizingiti, akakigawa kwa nyundo. Nusu moja akaniachia, nusu nyingine akaiweka mwenyewe katikati ya mafiga, nami nikaifunika makaa. Mchana ule hakwenda popote. Alikaa kwenye kigoda, nikamuuliza kama anajua kumenya viazi, hakujua, nikapika juu ya jiwe lake, Shangazi akaja akaona mwanamume amekaa jikoni na kidato cha nne anamenya viazi, akaguna akaondoka. Jiwe tuliliacha motoni mpaka kesho yake. Lilipotolewa lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hakushangilia, alilishika tu likiwa bado na joto, akanitazama, na nilijua kuwa ameshapiga hesabu ileile niliyoipiga mimi.

Jibu la eksirei lilipofika, mawili yakawa moja, na hilo moja likapata ukoo wake na jina ambalo Wazungu walikuwa wamekwisha kulipatia kwao zamani. Bosi akamsifia kwa uangalifu wake. Gari likaja. Alipokuwa anafunga sanduku alikuja jikoni, akasimama akitazama moto badala ya kunitazama mimi. "Ofisini wanatafuta wasichana wa kidato cha nne, kazi ya maabara. Ungefaa, Naomi. Ungeshuka nami hadi Tanga, halafu..." Hiyo halafu hakuimalizia. Nikamwambia nitafikiri. Nilifikiri vizuri sana. Nilifikiri hadi gari likaondoka. Watu huniuliza kwa nini sikusafiri maishani, nami huwajibu tumbo langu na kona, na wanacheka, na hakuna anayeuliza tena. Chuo kilipokuja nilikwenda nikitapika, nikarudi nikitapika, nikafundisha shule ile inayoonekana kutoka hapa dirishani hadi nilipostaafu. Nilipata mume mwema. Sina malalamiko. Ila siku ile ya kuondoka Hamza aliniwekea ile nusu mbichi kwenye kizingiti, akasema, "Hili usilipitishe motoni. Liko kwao, halihitaji adabu." Na nilipohamia kwangu nililichukua, likakaa nje ya dirisha la jikoni, kwa sheria ya Shangazi.

Zuhura alisikiliza hadi chai yake ikapoa. Nusu ya baba yake, alisema, ilipotea walipohama Tanga kwenda Moshi, na mzee aliitafuta wiki nzima bila kusema anatafuta nini. Akainuka, akasogea dirishani, akaliona. Hakuuliza kama ndilo. "Mama," akasema baadaye, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "ungenipa? Nikaliweke chumbani kwake, penye miwani yake."

Nililichukua. Lilikuwa jeusi vilevile, linang'aa pale lilipovunjwa, kona zote zipo. Miaka yote hiyo niliwazuia watoto, wajukuu na kuku wasiliguse. Lakini sasa lilikuwa linakwenda nyumbani kwa mtu. Nikainama, magoti yakalia, nikasogeza makaa, nikaliweka katikati ya mafiga na kulifunika.

"Litachukua muda gani?" Zuhura akauliza.

"Mpaka kesho. Vua viatu. Unajua kumenya viazi?"

"Baba alisema utaniuliza hivyo."

Asubuhi tulilitoa, likiwa na rangi ya chai ya maziwa, tukalifunga kwenye kanga. Nilimsindikiza hadi stendi, ambayo kwangu ni safari ya kuhesabika. Alipokwisha kukaa dirishani na kile kifurushi mapajani, nikamvuta kondakta shati, nikamwambia washuke polepole kwenye zile kona, kuna mtu wangu humo ndani hajazoea kusafiri.